Mstari wa Kijani wa Naomie

Ukimwita Emérence mara moja tu, hageuki. Soko lote la Masisi linajua. Wanaokuja kununua fromaje, jibini ya milimani, huita "Mama Emérence!", wanangoja kidogo, wanaita tena, ndipo anapoinua kichwa na kutabasamu kana kwamba hakusikia chochote hapo mbele. Wageni wanasema ana majivuno. Wauza maharage wa pembeni wanasema sikio lake moja limekufa. Mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza, na hilo ni ajabu, maana Masisi watu huuliza kila kitu, hata viatu ulivyovaa ulivinunua wapi.

Sikio lake ni zima kupita la watu wengi. Ukigonga ndoo ya maziwa anaweza kukuambia ni noti gani, na pikipiki mbili zikipanda mlima pamoja anakunja uso kwa sababu hazilingani sauti. Miaka sita alifundisha muziki huko Pinga, katika msitu wa Walikale, na huko ndiko alikojifunza kutoitika haraka. Walimwambia wiki yake ya kwanza: mtu aliye hai akikuita na usipoitika, ataita tena, maana ana shida na wewe. Kitu kinachoita mara moja na kunyamaza, hicho si mtu. Ukikiitika, unakifuata.

Wakati ule alicheka. Alikuwa mtoto wa wakulima wa milimani, baba yake ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa, na mambo ya msituni aliyaona kama hadithi za kutisha watoto. Sasa hacheki. Kila alasiri mvua inapoanza kugonga mabati, anamsikia msichana akiita kutoka mbali, mara moja tu, kisha kimya. Na sauti anaijua.

Tarehe ishirini na moja ya mwezi wa sita, pikipiki ilisimama mbele ya meza yake ya fromaje. Kijana aliyeiendesha alikuwa na tope hadi magotini.

"Mwalimu!"

Emérence akaendelea kupanguza kisu.

"Mwalimu! Mi niko naita, wee uko unaosha kisu!"

"Thierry," alisema, na safari hii tabasamu lilikuwa la kweli. Thierry alikuwa ameimba sauti nene katika kwaya yake ya shule kule Pinga. Siku hizi alikuwa motari, akibeba watu na mizigo kati ya Pinga na Masisi. "Umenona."

"Siye ba motari tunanona na vumbi. Unipe ile fromaje kubwa, na uniongezee kipande, juu nilikuimbia miaka tatu."

"Ulikuwa unaimba ao ulikuwa unanguruma?"

"Yote mbili." Alicheka, kisha akaacha. Akaitazama fromaje badala ya kumtazama yeye. "Mwalimu, ile kintu ya ku daraja haiyaisha."

Emérence hakuuliza ni kitu gani.

"Wanafunzi ba ng'ambo sasa banazunguka kule juu, saa nzima ya miguu. Daraja walishaitengeneza, iko nguvu, lakini hakuna muntu anapita pale mvua ikikaribia. Banasema anaita. Mara moja tu. Na mama yake mutoto, Mama Joséphine-Marie, aliacha shamba yake. Muhogo inaozea mu udongo."

"Mama yake anasikia pia?"

"Mama yake njo alikuwa wa kwanza kusema."

Emérence alifunga meza mapema siku hiyo. Nyumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na kompyuta iliyofungwa katika kitenge. Hakuwa ameigusa tangu Pasaka. Aliiunganisha na betri ya sola, akangoja iamke, na programu ya muziki ikamsalimia kwa maandishi madogo ya manjano: Leseni ya mwalimu. Zimebaki siku tisa.

Programu hiyo ina historia yake. Ni ya kutengenezea muziki: unachomeka mikro ya kunasia sauti, kila sauti inapata mstari wake na rangi yake, na unaweza kuzisogeza sauti huku na huku kama unavyopanga maharage mezani ukichagua mabovu. Bei yake ya kawaida, ya watu wa studio, ilikuwa ya kuuza ng'ombe. Lakini waliotengeneza waliweka bei nyingine ya wanafunzi na walimu, na hiyo ilikuwa ya mbuzi tu. Sharti lilikuwa moja: karatasi yenye kashe, yaani muhuri wa shule, inayosema huyu kweli anafundisha shule hii. Mkuu wa shule, Papa Hubert, préfet mwenyewe, aligonga kashe mara mbili kwa nguvu zake zote, ili hao wa huko mbali wasije wakasema haionekani. Ndugu wa Emérence wa Goma akalipia mwaka mmoja kwa simu, na wiki ile kwaya ya wanafunzi wanane ikapata wazimu. Kila mmoja alitaka kuona sauti yake.

"Yangu njo hii?" aliuliza Chantal, aliyeimba sauti ya pili. "Inafanana na kiwavi."

"Ya Thierry inafanana na kiwavi alikula mwenzake," mwingine akasema, na darasa likaanguka kwa kicheko.

Naomie hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na saba, msichana mrefu, mkimya, aliyeishi ng'ambo ya mto na mama yake. Aliomba mstari wake uwe wa kijani. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya sauti yake, akauliza kama itabaki pale hata yeye akienda nyumbani.

"Itabaki," alijibu Emérence.

"Basi mi niko fasi mbili," alisema Naomie, na kuwa mahali pawili kulionekana kumfurahisha kabisa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wazo lake. Daraja la kwao lilikuwa la miti iliyofungwa kwa kamba, na halikubeba zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Tena lilipinda pamoja na kona ya mto, hivi kwamba ukisimama upande wa Pinga huoni mwisho wake. Kwa hiyo kila mtu, kabla hajakanyaga, aliita: "Ee, ba ng'ambo! Nipite?" Aliyekuwa shambani upande ule alitoka, akaangalia, akajibu: "Pita! Njia iko wazi!" Naomie alikuwa ameita hivyo kila siku ya shule tangu alipokuwa na miaka sita. Akaufanya kuwa wimbo: yeye peke yake aite, kwaya nzima imjibu.

Waliamua kumrekodi Naomie siku ya Alhamisi, na kwaya siku ya Ijumaa.

Alhamisi hiyo Emérence aliwaruhusu wengine saa kumi kasoro robo. Akabaki na Naomie darasani, mikro ikiwa imefungwa kwenye mguu wa kiti kilichopinduliwa juu ya meza. Naomie aliita vizuri. Lakini Emérence alitaka vizuri zaidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na chombo kinachoshika sauti ya mtu kama ilivyo, na hakutaka kushika kitu chenye dosari. Akamrudisha. Akamrudisha tena. Wanawake wa ng'ambo waliotoka sokoni, ambao Naomie alivuka nao siku zote, walipita nje ya dirisha wakiongea kwa sauti, na sauti zao zikapotea. Mwisho wake mvua ikaanza kugonga mabati.

Mvua ilikuwa imenyesha zaidi kule juu. Wanawake wa soko walivuka salama. Naomie alifika pale karibu saa nzima baada yao, peke yake, na mto ulikuwa umeshachukua miti ya katikati ya daraja.

Walipata kifuko chake cha daftari kimenasa kwenye matete. Yeye hawakumpata. Siku ya tisa walizika kigogo cha mgomba mahali pake, kimevishwa sare ya shule.

Na kwenye matanga, mbele ya watu wote, Mama Joséphine-Marie aliuliza swali moja: "Mutoto wangu alikuwa wapi? Ba mama ba soko balikuya saa yao. Yeye alikuwa wapi?"

Kila mtu alimtazama mwalimu. Emérence alifungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe, mwepesi kama pumzi. "Alitoka nyuma ya wenzake tu. Nilimuachia saa ile ile."

Hakuna aliyemshuku. Ila saa ile moja ilibaki wazi, na watu wa Pinga hawapendi saa iliyo wazi. Wakaijaza. Walisema Naomie alipita kwa kijana fulani anayetengeneza simu. Walisema mengine. Mama yake aligombana na dada zake mwenyewe juu ya jambo hilo. Emérence aliyasikia yote, na mwisho wa mwaka wa shule akarudi Masisi kuuza fromaje. Tangu hapo hakufundisha tena. Leseni iliendelea kumwita mwalimu, maana alikuwa ameilipia hadi tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Baada ya hapo programu ingefunguka kwa kusikiliza peke yake. Kurekodi, hapana. Mwito wa Naomie ungebaki ndani mle bila jibu, na hakuna mtu ambaye angeweza kuuongezea hata neno moja.

Alibonyeza mstari wa kijani. "Ee, ba ng'ambo! Nipite?" Kisha mvua. Chini yake, mistari saba mitupu ya kwaya.

Asubuhi ya pili alimtafuta Thierry.

"Unipeleke Pinga. Tutamalizia ule wimbo."

Thierry alijikuna shingo. "Mwalimu, kama shida iko leseni, mi najua muntu wa kashe. Anakupiga kashe ya shule, anakuwekea na sahihi ya préfet mbili kama unataka."

"Sitaki mwaka mwingine, Thierry. Nataka siku hizi nane."

Walipita Nyabiondo na mvua ya asubuhi, kompyuta ikiwa katikati yao ndani ya mfuko wa nailoni na kitenge juu. Vizuizi vya njiani vilikuwa viwili. Kwenye cha pili askari aliuliza ni nini hicho anachokumbatia kama mtoto mchanga. "Ni kwaya," alisema Emérence. Askari alimwangalia kwa muda, kisha akainua kamba.

Huko Pinga kwaya haikutaka. Walikuja wote sita, na Thierry wa saba, hadi mlango wa darasa la zamani, wakubwa sasa, Chantal akiwa na mimba. Walimpa mkono kwa heshima, wakauliza habari za Masisi, lakini alipoweka mikro mezani hakuna aliyesogea.

"Mwalimu, utusamehe," alisema Chantal. "Mi naweza kuimba ku mazishi. Ku ndoa mi naimba. Hata unitume kuimba mbele ya askari. Lakini mufu aite, mi nimuitike? Na hii tumbo? Apana."

"Ni rekodi tu, Chantal. Umeona mwenyewe inavyotengenezwa."

"Yeye njo alisema iko fasi mbili," alijibu Chantal polepole. "Wee ulisahau. Siye hatukusahau."

Usingizi wa Emérence ulikuwa mbaya, lakini aliamka na wazo, na wazo hilo lilimfurahisha kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu. Watu hawa walikuwa na kanuni. Kinachoita mara moja si mtu. Anayeita tena ni mtu. Basi! Alishika mwito wa Naomie, akaunakili, akaubandika mara ya pili, akaubandika mara ya tatu. Sasa mstari wa kijani ulikuwa na milima mitatu. Naomie aliita, akangoja, akaita, akangoja, akaita. Kwa kanuni ya msitu wenyewe, alikuwa hai.

Alijua nani wa kumsikilizisha kwanza. Mama akikubali, kwaya ingekubali.

Mama Joséphine-Marie alikuwa amehamia kwa dada yake, upande huu wa mto. Walimkuta uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanamke mfupi, mikono minene, sauti ya chini. Aliweka mchi pembeni, akafuta kiti kwa kanga yake, akamkalisha mwalimu, akauliza wazazi wake wako namna gani. Thierry alibaki karibu na pikipiki. Ilikuwa saa nane mchana, jua lilikuwepo, lakini kwenye vilima kulikuwa na wingu.

Emérence alieleza. Akachomeka kisanduku cha sauti, na mikro pia, kwa tumaini tu. Akabonyeza.

"Ee, ba ng'ambo! Nipite?"

Mikono ya mama iliganda.

"Ee, ba ng'ambo! Nipite?"

Kuku walikimbia. Mwito wa tatu ulipita, na mvua ya mwaka jana ikasikika kwenye uwanja uliokuwa mkavu.

 Mama Joséphine-Marie alitikisa kichwa.

"Huyu si mutoto wangu."

"Mama, ni yeye. Nilimrekodi mwenyewe."

"Sauti iko yake. Lakini hakuna muntu anaita mara tatu na mudomo moja." Alisema bila hasira, kama anayemfundisha mtu kuchagua mbegu. "Wee mwalimu, haujazaa, haujui. Mutoto akiita mara ya kwanza iko muzuri. Mara ya pili anavuta. Mara ya tatu anakasirika: we mama, uko kiziwi? Naomie alikuwa anakasirika mbio. Huyu wako hakasiriki. Huyu, umechukua kile kimoja ukakizungusha. Sasa kitaita bila kuchoka. Umefanya mubaya kuliko mbele."

Emérence alitazama kioo. Milima mitatu ya kijani, sawasawa hadi kwenye vumbi la mwisho. Chini ya jina la Naomie kulikuwa na mshale mdogo ambao kwaya haikuujua. Programu haitupi kitu. Ukirudia mara saba, inakuonyesha ya mwisho na kuficha zile sita nyuma yake, na ukibonyeza mshale zinafunguka zote, kila neno lililosemwa mikro ikiwa inasikia. Alijua zipo. Mwaka mzima alikuwa akijua, na hakuwahi kubonyeza.

"Mama," alisema, "aliita mara nyingine. Ziko humu. Lakini na mimi niko humu."

"Namna gani, na wewe?"

"Utasikia."

Akabonyeza mshale. Mistari saba ya kijani ikafunguka kama vidole.

Mwito wa kwanza ulikuwa mwepesi, karibu na kicheko. Kisha sauti nyingine, ya mwanamke, safi na baridi: "Tena."

Wa pili. "Tena, Naomie. Usimalize haraka."

Wa tatu ulivutwa kidogo. Mama Joséphine-Marie aliinua kidevu. Wa nne. "Tena." Nje ya dirisha la rekodi wanawake walipita wakiongea, mmoja akacheka sana, wakaenda. Mama alizitambua sauti zao; midomo yake ilitaja majina yao moja moja bila kutoa sauti. Wa tano ulikuwa na hasira ndani yake, hasira halisi ya mtoto anayeona mzazi kuwa kiziwi, na mama alitoa sauti ndogo kooni, kama mtu aliyeguswa na mkono anaoujua.

Wa sita haukufika mwisho. "Mwalimu, ba mama ba soko balishapita. Uniache niende, mvua iko inakuya."

"Moja ya mwisho. Tena."

Kisha wa saba, ule mzuri. Na mvua.

 Thierry pale kwenye pikipiki alikuwa ametazama chini. Emérence alisema, "Saa ile ilikuwa yangu, Mama. Hakuenda kwa mtu. Mimi ndiye niliyemshika. Na kwenye matanga nilikudanganya, mbele ya watu wote, na nikaacha waseme walichosema."

Alingoja mchi umwangukie kichwani. Angeupokea.

Mama Joséphine-Marie alikuwa akiangalia upande wa mto, ingawa kutoka pale mto hauonekani.

"Mwaka muzima nasema ni wewe," alisema. "Sikujua, lakini nilikuwa nasema. Mu roho nilikuwa nasema: iko muntu alimukawisha, na Mungu amuonyeshe." Akabandua jani kwenye mchi. "Nilikuwa nasema vile juu sikutaka kusema ile ingine."

"Ile ingine gani?"

"Nilimusikia."

Wingu lilifika juu ya uwanja.

"Nilikuwa mu shamba, ku kibanda, namenya muhogo. Mvua ilikuwa inapiga. Nikasikia: ee, ba ng'ambo, nipite. Mara moja. Nikasema mu roho: ba mama bote balishavuka, hakuna muntu wa kuita saa hii. Hiyo kintu si muntu. Kama iko muntu, itaita tena." Alikunja kanga yake juu ya goti, akaikunjua. "Kama ningesimama, ningetoka. Kama ningetoka, ningeona daraja imekatika. Njo vile nilikaa. Nikangoja aite tena."

Emérence alitaka kumshika mkono na hakuthubutu.

"Ile ya mvua," alisema mama. "Iache ile moja tu. Aite mara moja, kama siku ile."

Emérence alifuta nakala zake. Akafunga mshale. Ukabaki mlima mmoja. Akasogeza mikro hadi ukingo wa kiti cha mama, akafungua mstari mpya, na hakuuliza wa rangi gani. Nukta nyekundu ikawaka.

"Ee, ba ng'ambo! Ni..."

"Usipite!"

Mama Joséphine-Marie alikuwa ameshasimama. Hakungoja neno liishe. Aliita kwa sauti ya kuvuka mto, sauti iliyofanya mbwa wa jirani wabweke na Thierry aruke nyuma. "Naomie! Usipite! Daraja imevunjika! Bakia pale pale, mama, bakia ng'ambo! Mi nakuya! Mi nakuya!"

Kisha mvua tu. Na Emérence hakujua tena ni mvua ipi, ya ndani ya kisanduku au iliyokuwa ikianza kudondoka juu ya sombe.

Alisimamisha rekodi. Kwenye kioo jibu lilikuwa limeukanyaga mwito, limeingia kabla ya zamu yake, na halikuwa maneno ya wimbo. Kosa la aina hiyo ni rahisi kulisahihisha: unalishika, unalivuta kidogo kulia, linakaa sawa. Kidole chake cha mwalimu kilishafika pale. Akakiondoa.

"Unafanya nini?" aliuliza mama.

"Hakuna. Naiweka ibaki hivi."

"Itabaki?"

"Itabaki."

Mama Joséphine-Marie alikaa chini. Baadaye kidogo alisema, bila kumtazama: "Siku ya soko utasimama pale mbele ya batu, wee mwenyewe, utasema mutoto wangu hakuwa kwa kijana."

"Nitasema."

"Useme na nguvu. Ba Pinga banasikia mubaya."

Emérence alisimama na kusema, siku ya soko, juu ya gogo la wauza nyama, na wengine walimtemea mate chini na wengine waliondoka. Mama Joséphine-Marie alikuwepo, mikono kifuani. Kwaya haikuimba. Mistari yao saba imebaki mitupu hadi leo.

Tarehe moja ya mwezi wa saba, Masisi, programu ilimwambia kwamba leseni yake imekwisha na kwamba anaweza kusikiliza tu. Akasikiliza mara moja. Akafunga kompyuta katika kitenge, akaenda sokoni kuuza fromaje.

Karibu na saa kumi mvua ilianza, na mtu akamwita kutoka mbali, kwa ile sauti anayoijua. Mara moja.

"Niko hapa!" aliitika Emérence, kabla hajafikiri, akageuka na kisu mkononi.

Muuza maharage wa pembeni alimtazama kwa mshangao. "Uko unaitika nani, Mama? Hakuna muntu alikuita."

Emérence alitazama barabara, ambayo haikuwa na mtu hadi kwenye kona. Kisha akavuta nailoni, akaifunika meza yake na meza ya jirani, na akabaki amesimama palepale huku mvua ikizidi.